Ua Nilioukata Pichani

Picha hiyo bado inazunguka. Wiki iliyopita nilitumiwa tena na mtu nisiyemjua. Alikuwa ameandika juu yake kwa herufi za rangi ya dhahabu, "Asubuhi njema, Mungu yu mwema", na kwenye kona ya chini amebandika mawaridi mawili. Hapa Sindo, mji wetu wa kando ya ziwa, sijawahi kuona waridi likiota karibu na omena, dagaa wetu. Nilianza kumjibu kwamba mimi ndiye niliyeipiga, na kwamba asubuhi yenyewe haikuishia kuwa njema, kisha nikafuta maneno kabla sijayatuma. Nimechoka kumweleza mtu mmoja mmoja. Nitaeleza hapa mara moja tu.

Niliishi Migori zaidi ya miaka thelathini, karani wa ghala la tumbaku. Nyumbani nilikuja wakati wa Krismasi na wakati wa matanga. Nilipostaafu nikarudi moja kwa moja, niligundua kwamba mji wangu nauona kama mgeni auonavyo. Sikujua ndege mdiria huchimba shimo lake katika ukingo upi wa mto, wala nani huuza ndizi karibu na nani, wala kwa nini asubuhi nyingine wadudu wadogo wa ziwani hupanda juu kama moshi wa nyumba inayoungua. Mke wangu alinicheka. Alisema nimerudi nyumbani na macho ya mtalii.

Jambo lililonikera zaidi ni kwamba wenye kamera walitukumbuka mtumbwi ulipozama tu. Mtu akiutafuta mji wetu kwenye simu, anaona maiti, gugu maji na wanasiasa. Nikajifunza kutengeneza blogu, michana mitatu ya mateso katika saiba moja, duka la mtandao, huko Homa Bay, mwalimu akiwa kijana aliyeniambia "bonyeza hapo" bila kunionesha hapo ni wapi. Nikajiwekea kanuni. Picha moja kwa siku. Hakuna maiti, hakuna mlevi, hakuna siasa. Na niandike kwa Kiswahili, ili hata Mkuria wa Migori asome asituone sisi ni watu wa samaki tu.

Nisijidai kwamba ilikuwa raha. Mtandao ulishika kwenye kilima kando ya kanisa, basi kila siku nilipanda kilima hicho na magoti yangu haya, na picha ikifika nusu ya safari yake ilikwama. Wasomaji nao walikuwa na shida zao. Nilipoweka fahali wa mtu mmoja, jirani yake aliniuliza sokoni kama ng'ombe wake yeye wana ukurutu. Kikundi cha akina mama kilitaka nirudie picha yao kwa sababu walikuwa hawajavaa sare. Vijana waliandika chini ya kila picha, "Jaduong'," yaani mzee, "weka na mimi." Nikiweka furukombe ameshika samaki, mtu anauliza samaki huyo ni kilo ngapi. Hata hivyo niliendelea, kwa sababu mara moja moja mtu aliye Mombasa au ng'ambo aliandika kwamba ameliona jiwe alilokuwa akifulia akiwa msichana, na siku hiyo magoti hayakuniuma.

Sasa nimfikie mwanamke wa picha hiyo. Namwita shemeji, kwa sababu mumewe alikuwa rafiki yangu. Mume huyo alikuwa fundi wa kushona nyavu, asili yake upande wa Migori, akanunua kiwanja hapa karibu na ufuo, akajenga, akafa, akazikwa mbele ya nyumba yake.

Waislamu wana eda yao. Sisi Wajaluo tuna chola. Mjane hukaa katika boma lake. Haingii boma la mtu, haendi sokoni wala ufuoni, karibu mwaka mzima, mpaka wazee wa upande wa mume waje kumfungua siku waliyoipanga. Mwanamume akitaka kumjulia hali, huita kutoka langoni. Siku hizi wengi hawaishiki chola. Wako wanakanisa wanaorudi sokoni wiki ya pili na hakuna anayewauliza. Shemeji aliishika yote, naye hakuwa akiogopa mizimu. Kiwanja kilikuwa kwa jina la marehemu, na ili kiwe chake alihitaji barua ya chifu. Ndugu wa mume wakienda kwa chifu wakasema huyu ndiye mke wetu, chifu anaandika. Wakinyamaza, kalamu haitoki mfukoni. Kaka mkubwa wa marehemu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Migori mjini, alikuwa ameshatamka palepale matangani kwamba kiwanja kile kingefaa sana kuwa stoo. Shemeji alimsikia. Tangu siku hiyo hakutaka kumpa ufa hata wa kupitisha kidole.

Alivaa koti la mumewe, kama desturi inavyotaka, mikono ameikunja mara tatu. Kwa kuwa hakuweza kwenda ufuoni, wanawake wenzake walimletea omena mbichi hadi langoni, akazianika ndani ya boma lake juu ya nyavu kuukuu, na walipozichukua kwenda kuuza walimwachia fungu lake. Hivyo ndivyo alivyokula miezi yote hiyo. Alikuwa amebakiza wiki chache tu.

Asubuhi yenyewe mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na jua limetoka safi. Nilikuwa napita na simu mkononi nikitafuta picha ya siku. Nikamwona kupitia langoni akianika, omena zikimetameta, na nyuma yake kiwanja kikiteremka hadi maji. Nilijua ninapaswa kusimama nje. Nililijua hilo kuliko vijana wote wa mji huu. Lakini kutoka langoni nguzo iliziba ziwa, nikaingia hatua tano, kisha kumi. Hakukuwa na mtu mwingine bomani.

Alisema, "Shemeji, umepotea njia?"

Nikamwambia mwanga hautasubiri. Mara yangeyange mmoja akatua, akanyakua omena, na shemeji akamkimbiza kwa ufagio, koti likipepea kama bendera, akicheka kwa kinywa wazi. Nikabonyeza.

Nilimwonesha. Aliitazama muda mrefu. Alisema tangu mazishi hajajua kwamba uso wake bado unaweza kufanya hivyo. Nikamwomba ruhusa ya kuiweka. Akasogea karibu zaidi na simu.

"Ua unaonekana?" akauliza.

Ulionekana. Ua wa minyaa ulizunguka upande wote wa kushoto, ukiwa na mabati mawili yenye kutu yaliyoziba pengo, na nyuma yake kona ya choo.

"Unaonekana," nikasema.

"Basi weka."

Nilipanda kilima. Kule juu niliitazama tena na yale mabati yakaniudhi. Yalikuwa yakiivuta picha chini, kama mtu anayekohoa wakati wa wimbo. Nikaikata. Nilitoa ua, nikatoa mabati, nikatoa choo, wakabaki mwanamke, ndege, samaki na maji. Sitasema nilisahau alichoniuliza. Nilikumbuka, nikajiambia kwamba kila mtu hapa anajua boma lake. Juu yake nikaandika, "Asubuhi ufuoni kwetu." Halafu, kwa kuwa simu yangu hujaa upesi, nikafuta ile nzima, kama nilivyozoea kufanya kila siku.

Mke wangu aliiona jioni. Aliuliza, "Hapa ni wapi?" Hilo lilipaswa kunitosha. Ikiwa jirani wa miaka yote hatambui mahali, nani mwingine atapatambua? Nilimjibu kwamba picha nzuri haina haja ya kueleza, na nikaenda kusoma sifa. Hakuna picha yangu iliyowahi kusifiwa namna ile. Nililala nimeshiba sifa.

Siku ya nne picha ilikuwa imefika kwenye kundi la simu la ukoo wa marehemu. Huko wakaandikiana kwamba mjane wao yuko ufuoni katika chola, anacheza, tena na koti la marehemu mgongoni. Kaka mkubwa alituma ujumbe mmoja tu kwa shemeji: wazee hawatakwenda kwa chifu, na yeye aanze kufikiria kurudi kwa wazazi wake.

Nilitoa picha kwenye blogu siku hiyohiyo. Ilikuwa kama kufunga lango wakati ng'ombe wameshafika Rongo. Nikaenda Homa Bay kwa fundi wa simu, nikamsihi anirudishie ile nzima. Alihangaika nusu siku. Alifufua ndege niliowasahau, harusi, miguu yangu mwenyewe mara nyingi, mtumbwi mmoja kutoka pande zote. Ile moja haikurudi. Alinishauri siku nyingine nisifute. Nilimshukuru kwa ushauri huo.

Shemeji hakuweza kwenda Migori kujitetea, maana kutoka bomani ndiko kungekuwa kuivunja kweli chola ambayo hakuivunja. Aliniita, nikaenda, safari hii nikasimama langoni bila kuambiwa. Hakunilaumu. Alisema shahidi ni mmoja duniani, naye ni mimi, na neno ninalopaswa kusema ni fupi: nilipiga picha ile nikiwa ndani ya boma lake.

Neno fupi kweli. Nililibeba hadi Migori kupitia Sori, nikilirudia kimoyomoyo. Duka la kaka mkubwa lilikuwa limejaa wateja, na kati yao mzee mmoja wa kanisa letu la zamani aliyenisalimia kwa mikono miwili. Niliketishwa juu ya mifuko ya saruji. Kaka mkubwa alitoa simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaniuliza ua uko wapi. Nikasema picha hukatwa.

"Sawa, hukatwa. Na wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nilimwangalia yule mzee wa kanisa. Niliona jinsi neno litakavyotoka dukani na kupanda barabara nzima hadi Sindo: mwanamume mwenye mke, mzee wa baraza la kanisa, ndani ya boma la mjane aliye katika chola, peke yao, asubuhi.

Nikasema, "Njiani."

Aliikuza tena. "Kutoka njiani unahesabu meno ya mwanamke? Mzee, macho yako mazuri. Mimi natafuta mtu wa kunihesabia misumari."

Duka lote lilicheka, na yule mzee wa kanisa alicheka nao. Sikuelewa ubaya nilioufanya mpaka nilipofika nje. Kama mimi nilikuwa njiani, basi na shemeji aliyekuwa mbele yangu alikuwa huko nje. Nilikwenda kumtetea na nikamtoa nje ya ua kwa mara ya pili.

Nilirudi, nikamwambia shemeji kwamba nimejaribu. Aliuliza kama nimewaambia nilikuwa ndani. Nikatazama viatu vyangu. Alisema "haya", akaendelea kufagia, na vumbi la ufagio likanifikia pale langoni nikaliacha linifikie.

Jioni nilishindwa kula na mke wangu akataka kujua sababu. Nilimwambia yote, pamoja na hatua zile kumi. Nilieleza kwamba nilinyamaza kwa ajili yake, asije akaaibishwa sokoni.

Alisukuma sahani kando. "Kwa hiyo mwanamke wa watu afukuzwe nyumbani kwake ili mimi nisikasirike? Basi nimekasirika. Faida yako iko wapi?"

Aliendelea kwa sauti ileile ya chini. Alisema nilikaa Migori miaka yote ile na yeye akamzika mama yangu karibu peke yake, akalea, akapalilia, wala hakuniomba nijieleze. Sasa anaomba mara moja tu.

"Kesho kutwa tunaenda wote. Utasema ulisimama wapi, na mimi nitaketi kando yako. Wakiniona nimeketi, watamaliza uchafu wao haraka."

Naye ni binti wa Asumbi. Huko wanawake hufundishwa na masista kuongea kidogo na kumaanisha.

Tulikwenda. Safari hii kaka mkubwa alitupokea nyumbani kwake, na wazee wengine wawili wa ukoo wakiwapo. Nilisema yote. Niliingia langoni, nikatembea hatua kumi, hapakuwa na mwingine. Shemeji aliniuliza kama ua unaonekana, nikamwambia ndiyo, halafu nikaukata kwa sababu mabati yalikuwa mabaya. Niliwaambia kwamba yeye hajavuka lango tangu mazishi. Aliyelivuka ni mimi. Nikawaambia kwamba dukani nilidanganya, na kwa nini.

Mmoja wa wazee alimgeukia mke wangu, akamuuliza kama alilijua hilo.

"Nalijua sasa," akasema. "Nimekuja nalo."

Walitoka nje kushauriana. Tuliwasikia wakibishana nyuma ya nyumba, na kwa muda mrefu sauti ya kaka mkubwa ilikuwa juu ya zote, kisha ikashuka. Waliporudi, mzee aliye mkubwa kuliko wote ndiye aliyesema. Ukoo umekubali kwamba mjane hakutoka. Watakwenda kwa chifu. Kiwanja hakiguswi. Nilianza kuinuka niwashukuru, akanionesha kwa kiganja nikae.

"Chola inaanza upya," alisema. "Kuanzia leo."

Nilimwambia nilidhani sikusikia vizuri. Hakuvunja kitu, wenyewe wamekubali, alikuwa amebakiza wiki chache. Sauti yangu ilipanda, na mke wangu akanigusa goti.

"Hakuvunja," mzee alikubali. "Lakini watu wameona amevunja. Tukimfungua mwezi huu, watasema tumemfungua mwanamke aliyecheza ufuoni, na siku mtoto akiugua katika ukoo huu, ni yeye watakayemtaja. Au wewe utapita kwa kila mwenye simu umwoneshe ua?"

Nilitaka kubishana naye na bado nataka. Usiku na mchana natunga majibu, mengine mazuri sana, na hakuna hata moja linaloweza kuirudisha ile picha kutoka kwa watu nisiowajua. Kaka mkubwa alikuwa amekosa stoo yake, na nadhani mwaka huo mwingine ndicho alichopewa cha kumtuliza.

Hukumu ilikuwa yangu kuipeleka. Shemeji alikuwa ameketi kizingitini akipepeta omena kavu kutoa mchanga. Nilimwambia nikiwa langoni, mke wangu kando yangu: kwanza habari ya chifu, halafu hiyo nyingine. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha.

"Mwaka mwingine," akasema. Kisha, "Na wewe, shemeji, wamekupa nini?"

"Hawakunipa kitu."

"Naona."

Akamwambia mke wangu aingie, kuna uji. Mimi hakuniambia niende wala nibaki. Nilibaki nje nikiwasikia wakiongea mambo yao, na mara moja nilisikia mmoja wao akicheka, sikujua yupi.

Blogu bado ipo. Naweka ndege, milima ya Gwassi, soko, na sikati tena pembeni, choo kikiwepo kinakaa. Wasomaji wamepungua. Mmoja aliniandikia kwamba picha zangu za siku hizi zimejaa takataka.

Wanawake waliokuwa wakimletea shemeji omena mbichi walichoka njiani, kwa sababu walihesabu wiki chache, hawakuhesabu mwaka. Sasa nazileta mimi. Nafika ufuoni mitumbwi inapoingia, nazipakia kwa mabeseni kwenye wilbaro, nasukuma. Kazi hiyo hapa si ya wanaume, sembuse wazee, na akina mama wa ufuoni hawajachoka kunikumbusha. Wananiuliza, "Jaduong', leo hupigi picha?" Mwingine anajibu kwa niaba yangu, "Mwacheni, anasubiri mwanga."

Gurudumu hudidimia mchangani. Maji ya samaki hunichuruzikia viatuni. Juzi nilikwama karibu na mlango wa posho mill, mashine ya kusagia unga, nikahangaika, jua likapanda, na nilipofika langoni shemeji aliingiza mkono kwenye beseni la juu, akanusa vidole.

"Nusu zimeharibika," akasema. "Zile za chini huenda zikafaa. Kesho anza mapema."

Nilianza mapema.